Jinsi ya Kumpitisha Mdogo Langoni pa Yaya Yake

Wiki ya mwisho ya Agosti, asubuhi kabla jua halijachoma, wapange watoto wako uani kwa mstari, kifungua mimba mbele, kitinda mimba nyuma. Waambie kila mmoja apitishe mkono wa kuume juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Wa miaka 9 atalishika na kulivuta kwa maringo. Wa miaka 6 ataligusa kwa ncha ya kidole cha kati, ulimi nje, jasho puani. Wa miaka 4 mkono wake utaishia utosini kama kofia. Akiona wenzake wamefaulu, atalaza kichwa begani mpaka sikio lenyewe lifuate kidole, halafu ataapa kwa jina la bibi yake kwamba amelishika. Mkumbatie, kisha uanze kusoma mwongozo huu, kwa sababu Septemba ikifika huyo ndiye atakayelia langoni, na kilio chake utakisikia mpaka Desemba.

Kipimo hiki cha sikio kimewapima wazazi wetu hapa Likasi, Kongo, na kimewapima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda vilevile, pale ambapo mwalimu hakuwa na karatasi ya kuamini. Kina akili yake. Mtoto huzaliwa na kichwa kikubwa na mikono mifupi. Kichwa hukua upesi miaka ya mwanzo, mikono na miguu hufuata baadaye, na mkono unapovuka utosi na kufika sikioni, kwa kawaida mtoto amekaribia miaka 6 au 7. Lakini kina dhuluma yake pia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka 5, 43 wamedumaa. Mtoto aliyedumaa huonekana mdogo kuliko umri wake, na mbele ya mwalimu anayepima kwa macho na kwa mkono anaweza kupoteza mwaka mzima ilhali miaka 7 anayo. Nimewaona watoto wa namna hiyo katika komini ya Kikula, wamesimama nje ya ukuta wa shule wakirudia kwa sauti silabi wanazozisikia dirishani.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inahesabu miaka: 6 kwa darasa la kwanza la shule ya msingi, na kuanzia 3 kwa gardieni, yaani shule ya chekechea. Mimi siupingi mstari huo. Mtoto wa miaka 4 akikaa saa tano juu ya benchi la mbao, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu, anaumia, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya 50 mbele yake hana mkono wa kumpeleka chooni. Ninachokipigania ni kwamba mstari huo unapita katikati ya tumbo moja. Upande huu unabaki mtoto, upande ule anakwenda mtu ambaye mtoto huyo amelala naye kitanda kimoja tangu aache ziwa la mama.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Dar es Salaam au Nairobi ukisema yaya, watu wanamwona msichana anayelipwa kulea mtoto wa mwajiri wake. Likasi, kama Katanga nzima, yaya ni ndugu yako mkubwa, wa kiume au wa kike, na humwiti jina lake hivi hivi bila kutanguliza neno hilo. Lakini mtazame yaya wetu saa nne asubuhi, mama akiwa sokoni na baba kazini: mdogo mgongoni, sufuria ya bukari, ugali wetu, jikoni, mwingine anavuta sketi. Maana zote mbili zinakaa katika mtoto mmoja wa miaka 8. Kwa hiyo siku yaya anapoanza masomo, mdogo anapoteza ndugu na mlezi kwa asubuhi moja, na sisi wazazi tunashangaa kwa nini analia kama aliyefiwa.

Nakumbuka asubuhi yangu mwenyewe, kwenye shule moja ya hapa mjini. Binti yangu alikuwa na miaka 6 na miezi miwili, mdogo wake wa kiume minne na nusu. Tulikwenda kumwandikisha dada tu. Lakini mdogo alikuwa amejitayarisha peke yake: kaptura ya buluu ya binamu yake, imefungwa kamba kiunoni, shati jeupe lililofika magotini, kibao cha kuandikia kwapani, na kitumbua kimoja ndani ya mfuko wa plastiki. Mkuu wa shule alimtazama kwa upole.

— Papa, huyu iko na myaka ngapi?

— Mama, ine na nusu.

— Leta mukono, mwana.

Mkono uliishia utosini. Mama yule alimwambia kwamba maembe yakiiva mara mbili arudi, naye atampokea kwa mikono miwili. Kisha alimshika dada mkono akaingia naye. Mwanangu hakulia papo hapo. Alikimbia mpaka kwenye nondo za geti, akapitisha mfuko wake katikati, akaita: “Yaya, kitumbua yako!” Walikuwa wameahidiana usiku kwamba watagawana wakati wa mapumziko. Dada alikuwa amekwisha kugeuka kona ya ukuta. Ndipo kilio kilipoanza.

Yote ninayokueleza hapa chini nimejifunza baada ya asubuhi ile, na ningependa wewe uyajue kabla ya yako.

Anza na karatasi, na usingoje Agosti. Kanuni ya familia, tangu iliporekebishwa Julai 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto mchanga kwa ofisa wa hali ya raia, bila malipo. Siku hizo zikipita unahitaji hukumu ya mahakama badala ya saini ya ofisa, na hapo mfuko unafunguka. Uchunguzi wa 2017–2018 uliona kwamba watoto 40 tu kati ya 100 walio chini ya miaka 5 nchini ndio walioandikishwa. Katika familia nyingi nilizozijua, kifungua mimba ana cheti kwa sababu kuzaliwa kwake kulikuwa sherehe, wa pili anacho kwa bahati, na kuanzia wa tatu kila mtu anasema “tutakwenda”. Basi nenda. Kama unaishi Kikula, Panda, Shituru au komini ya Likasi yenyewe, ofisi iko umbali unaoweza kutembea. Wapeleke wote kwa safari moja, pamoja na yule ambaye bado ananyonya. Mtoto mwenye tarehe iliyoandikwa hapimwi kwa sikio, wala hapimwi kwa wembamba wa miguu yake.

Ukiwa na karatasi, usiongeze mwaka. Najua wazazi wanaofanya hivyo kwa huruma: wanataka wawili waende pamoja, warudi pamoja, wavuke pamoja ile barabara ya Lubumbashi na Kolwezi ambayo malori ya shaba na kobalti hayaachi kupita. Ni sababu nzuri, lakini njia yenyewe ni mbaya. Mdogo wa miaka 4 na nusu anaandikwa 6, anakaa benchi moja na yaya yake, na mwezi wa kwanza nyumba nzima inafurahi. Mwezi wa tatu yaya anasoma na mdogo bado anachora. Mwalimu anamwambia mkubwa amwandikie mdogo, na mkubwa anaandika mara mbili kila somo, mikono imejaa chaki, hana muda wa kucheza. Mwisho wa mwaka mdogo anarudishwa darasa, na neno la kushindwa limeingia nyumbani kabla hajafika miaka 6.

Kuna mwisho mwingine ninaouogopa zaidi. Mara nyingine mdogo ni mwepesi na mkubwa ni mzito. Wamewekwa darasa moja. Mdogo anapita, mkubwa anarudia. Nimemwona kijana wa Panda aliyekuwa akitembea hatua kumi nyuma ya mdogo wake kila asubuhi ili watu wasijue kwamba wanaingia mlango mmoja, na baadaye mbaya zaidi, kwamba mdogo anaingia mlango wa mbele yake. Kwetu yaya ndiye anayegawa nyama mezani baba asipokuwepo. Ukimwondolea heshima hiyo darasani, hutaweza kumrudishia jikoni.

Tena umri wa uongo haubaki shuleni. Unamfuata mtoto kwenye mtihani wa Serikali, kwenye kazi, hadi kwenye pensheni. Wanaocheza mpira wanalijua hilo vizuri. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA inawapiga wachezaji picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, na mfupa husema kile ambacho karatasi imeficha. Mtoto wa uwanja wa Kikula anayeota kuvaa jezi ya taifa hapaswi kubeba tarehe mbili mwilini.

Sasa sikiliza kosa ambalo halina uongo ndani yake, na kwa hiyo hufanywa na watu wema. Usimfanye yaya kuwa mlango wa mdogo. Mama anakwenda soko la asubuhi, gardieni inadai pesa ambazo hazipo, basi anamwambia binti: mchukue, mwalimu atakuelewa. Mwalimu kweli anaelewa, kwa kuwa naye ni mzazi. Mdogo anakaa mapajani pa dada yake safu ya tatu. Saa moja ya kwanza ananyamaza. Ya pili anataka maji, ya tatu anataka kukojoa, na dada anatoka naye wakati hesabu za kugawanya zinaelezwa ubaoni. Wiki ijayo anatoka tena. Mwezi ujao dada mwenyewe anasema afadhali abaki nyumbani, na hakuna anayempinga kwa sababu nyumba imepata utulivu. Sijasikia mvulana wa kwanza akiombwa kufanya hivyo mara nyingi kama msichana. Ukitaka kujua ni nani aliyeacha shule katika nyumba fulani, uliza ni nani aliyembeba kitinda mimba.

Na pale ambapo hakuna shule wala gardieni, mdogo humfuata yaya popote yaya anapokwenda. Katika mkoa wetu popote ni pamoja na mashimo, na kingo za mito ambako mawe ya madini yanaoshwa. Januari 2016 Amnesty International ilichapisha ripoti kuhusu kobalti ya Kongo iliyoeleza juu ya watoto hata wa miaka 7 kwenye kazi hiyo. Siamini kwamba mtoto wa miaka 7 aliamka siku moja akaamua kuchagua mawe. Aliyetangulia alikuwa yaya yake, naye hakutaka kubaki peke yake uani.

Mtayarishe mdogo wiki mbili kabla, na umwambie kweli. Usitoroke. Wazazi wengi humpa kitumbua, humgeuza uso atazame kuku, halafu yaya anapita nyuma ya nyumba na begi. Mtoto akigeuka haoni mtu. Baada ya siku tatu za hivyo hataki tena kumtazama kuku yeyote, wala kukuacha uende hata chooni, kwa maana amejifunza kwamba watu hupotea akitazama pengine. Mwambie: kesho Yaya anakwenda masomo, atarudi jua likiwa juu ya mwembe. Mpe kazi inayomngoja yaya: amchotee kikombe cha maji, amwekee kiti. Mwanangu tulimpa kazi ya kitumbua. Kila siku alikikata viwili asubuhi, akala nusu yake, akaifunika nusu ya pili kwa bakuli, akakaa kuilinda na inzi. Saa sita na nusu dada alipoingia hakuna aliyeruhusiwa kumsalimu kabla ya kitumbua.

Na usimpimie kwa miaka. Mtoto wa miaka 4 hajui mwaka ni kitu gani. Anajua maembe, anajua mvua ya kwanza inayopiga bati Oktoba au Novemba, anajua vinkubala, wale viwavi wanaouzwa kwa kikombe sokoni. Yule mkuu wa shule alikuwa na hekima aliposema maembe mara mbili. Tulipoanza kuyahesabu, mwana alitulia. Mwaka ule alichora embe moja kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na mpaka leo hatujapaka rangi juu yake.

Kwa pacha, neno fupi. Mbuyi na Kabanga, kama tunavyowaita pacha wetu, wana tarehe moja, basi sheria haiwatenganishi. Anayeweza kuwatenganisha ni mwalimu anayeona mmoja mkubwa na mwingine mwembamba. Beba vyeti viwili, simama, na usiondoke na mmoja.

Mpaka hapa nimeongea na mzazi. Sasa nataka kuongea na wale wanaoweka milango, kwa sababu mzazi peke yake hawezi kuyatengeneza yote, na mji wetu umewahi kuwa na njia nyingine.

Wazee wa Panda na Shituru wanakumbuka enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, na Gécamines iliyokuja baada ya mali ya kampuni hiyo kutaifishwa mwaka 1967. Kampuni iliwajua watoto wa kambi mmoja mmoja, kwa sababu posho ya chakula ilitolewa kwa kuhesabu mke na watoto. Kulikuwa na shule, zahanati na mahali pa kucheza, na kila umri ulikuwa na mahali pake. Sitaki kuipamba enzi ile: aliyekuhesabu alikutawala pia, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameandika kitabu kizima, Bana Shaba abandonnés par leur père, juu ya jinsi mamlaka ndani ya familia ya mfanyakazi yalivyobadilika chini ya kampuni na jinsi yalivyoyumba ilipoanguka. Lakini mtoto wa miaka 4 alikuwa na mahali pa kwenda. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia ulioitwa kuondoka kwa hiari, na pamoja na mishahara ilikwenda ile hesabu ya watoto. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure. Nashukuru kwa hilo kila siku. Lakini bure hiyo inaanzia miaka 6; gardieni bado inalipiwa. Yaani katika nyumba moja mkubwa anaingia bila pesa, na mdogo, ambaye ndiye anayehitaji zaidi mtu wa kumtazama, mlango wake una bei.

Jambo hili si la maskini peke yao. Binamu yangu aishiye Ubelgiji aliwahi kuwapeleka watoto wake safari ya meli ya starehe, zile zilizo kubwa kama mtaa mzima, akakutana na kilio kile kile katikati ya bahari. Meli hizo zina klabu za watoto, nazo zinawagawa kwa umri. Kampuni ya Marekani ya Carnival, kwa mfano, ina kundi la miaka 2 hadi 5 linaloitwa kwa jina la pengwini, la miaka 6 hadi 8 kwa jina la samaki taa, na la miaka 9 hadi 11 kwa jina la papa, papa wa baharini, si baba. Mwenye miaka 5 na mwenye miaka 6 wamelala chumba kimoja, wamekula meza moja, na saa tatu asubuhi mmoja ni pengwini na mwingine ni taa. Binamu yangu alinieleza kwamba katika meli yao mkubwa aliruhusiwa kushuka akacheze na mdogo, ila mdogo hakuruhusiwa kupanda. Nilipolisikia nililiandika, maana ni kanuni nzuri kuliko nyingi nilizozisoma. Mkubwa akishuka haumii. Anajua kula bila kumwaga na anajua njia ya choo. Mdogo akipanda anaweza kuumia. Na kwa kuwa mkubwa anaruhusiwa tu, halazimishwi, siku akitaka kucheza na wa rika lake anacheza.

Skauti walilitambua jambo hili zamani. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, alifanya kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, kwa wavulana wakubwa kidogo. Mara wadogo zao wakaanza kuwafuata, wakichungulia mikutano, wakibeba fimbo, wakikataa kurudi nyumbani. Angeweza kuwafukuza. Mwaka 1916 aliwaanzishia kundi lao, akalijengea michezo juu ya hadithi za Mowgli za Rudyard Kipling, na ndio wale ambao hapa kwetu tunawaita kwa Kifaransa louveteaux. Baada ya miaka, nao louveteaux wakawa na wadogo waliolia. Mwaka 1963, huko Ireland ya Kaskazini, likaanzishwa kundi la walio wadogo zaidi, na jina lake la kwanza lilikuwa Ndugu Wadogo tu. Kila nikiona watoto wa Kiro, chama cha vijana wa Kikatoliki, na wa skauti wakipita Jumamosi na skafu zao shingoni, na nyuma yao mkia wa wadogo wasio na skafu, nawaza kwamba mkia kama ule ndio uliomfundisha Baden-Powell.

Na Maria Montessori alikuwa amethubutu zaidi. Alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma, Januari 1907, katika mtaa wa watu wa kazi ambao wazazi waliondoka mchana kutwa, aliwaweka pamoja watoto wa umri mbalimbali, na mpaka leo darasa la njia yake linawachanganya wa miaka 3 hadi 6. Mkubwa anamfundisha mdogo kufunga vifungo, na kwa kumfundisha anajifunza mara ya pili. Mama yeyote wa Likasi angemwambia kwamba yaya zetu wanafanya hivyo bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba mle ndani alikuwepo mtu mzima anayewatazama wote, na yaya hakuachiwa mzigo.

Ndiyo sababu ombi langu ni dogo na linawezekana. Parokia zetu zina uwanja, zina kivuli, na Jumamosi saa tatu wakubwa wanakuja wenyewe: katekisimu, kwaya, Kiro, skauti. Wadogo wanakuja nao hata wasipoitwa. Badala ya kuwarudisha barabarani peke yao, kati ya malori, tandikeni mkeka chini ya mwembe, pembeni ya wakubwa, pale wanapoonana kwa macho. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, asiye na kazi nyingine saa hiyo. Ndoo ya maji yenye kifuniko na kikombe chake. Choo kilichokaguliwa kabla. Daftari lenye jina la mtoto, umri wake, na jina la yaya aliyemleta, maana yaya huyo tu ndiye atakayemchukua. Chini ya miaka 3, abaki na mama yake. Wakubwa waruhusiwe kushuka mkekani robo saa wakitaka. Mahali ambapo shule ina zamu mbili, mkubwa mchana na mdogo wa gardieni asubuhi, mkuu wa shule anaweza kuwapanga ndugu zamu zinazokutana, ili mmoja asivuke barabara peke yake. Kinachohitajika ni kuuliza swali moja siku ya kuandikisha: ana ndugu hapa?

Nilikwambia kuhusu embe la mkaa ukutani. La pili lilichorwa mwaka uliofuata, kubwa kuliko la kwanza, lenye jani. Septemba iliyofuata mwana alisimama mbele ya mama yule yule, akapitisha mkono juu ya utosi bila kuambiwa, akashika sikio. Mama hakutazama sikio. Aliomba cheti, akakisoma, akaandika tarehe. Dada alikuwa darasa la tatu, akisubiri ndani ya geti na nusu ya kitumbua.

Mwalimu, katekista, kiongozi wa Kiro au wa skauti unayesoma haya: Jumamosi hii hesabu wadogo waliosimama nje ya lango lako, kisha tafuta mkeka. Nawe mzazi wa mtoto mchanga, una siku 90, na kumwandikisha ni bure.